Uliza Jina Kabla ya Kisu

Mwanzoni mwa Novemba 2007 vijana wawili walikuwa wamelazwa katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, jijini Dar es Salaam, wakisubiri kupasuliwa. Mmoja alikuwa na uvimbe kichwani. Mwingine tatizo lake lilikuwa goti. Jina lao la kwanza lilikuwa moja. Walipoingizwa chumba cha upasuaji, mwenye goti alifunguliwa fuvu, na mwenye uvimbe akapasuliwa goti.

Mwenye uvimbe alifariki dunia. Mwenzake alipelekwa India akatibiwe madhara ya kupasuliwa kichwa ambacho hakikuwa na ugonjwa. Serikali iliunda timu ya uchunguzi, wahusika wakasimamishwa kazi, magazeti yakaandika na kuandika tena, na kisa kikahamia kwenye daladala na vijiwe vya kahawa. Majina kamili ya vijana wale yalichapishwa sana wakati ule. Mimi nitayaacha, familia zao zimeyasikia vya kutosha.

Nakirudia kisa hiki kwa ajili ya vijana wa Mbagala, Tandika, Tandale na Tegeta wanaosoma mchepuo wa PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, huku wakiapa kwamba lazima wawe madaktari bingwa wa upasuaji. Daktari tarajali anayeanza zamu leo katika Hospitali ya Temeke au Mwananyamala, mwaka ule wa 2007 alikuwa bado anajifunza kusoma. Kisa hiki hakukisikia kikipita. Asipokikuta darasani, atakikuta mahali pabaya zaidi.

Kosa lile halikuwa la kutojua kufungua fuvu, wala la kutojua kutengeneza goti. MOI ni taasisi iliyoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1996, na huko ndiko hospitali nyingine nchini hupeleka mifupa iliyozishinda. Chuo cha tiba kilicho jirani nayo pale Upanga kilipandishwa hadhi mwaka huohuo wa 2007 kikawa chuo kikuu kamili, MUHAS. Elimu ilikuwapo, vifaa vilikuwapo, mabingwa walikuwapo. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kusimama pembeni ya kitanda na kumuuliza mgonjwa, kabla hajalala: wewe ni nani, na umekuja kufanyiwa nini?

Nendeni mkaangalie jinsi jina la mgonjwa linavyosafiri katika hospitali zetu. Mama anaingia wadi ya wazazi Temeke. Faili linasema Mwajuma Salum. Muuguzi anamwita Mama Asha, kwa sababu ndivyo anavyoitwa na ndugu waliomleta, na ndivyo adabu inavyotaka. Daktari wa zamu anamwita yule wa kitanda cha dirishani. Anayempeleka thieta anamwita yule wa operesheni ya pili. Na wadi ikifurika, kitanda kimoja kikalaliwa na wawili, hata kitanda hakimtambulishi mtu tena. Ukisimama mlangoni ukaita "Mwajuma!" utaitikiwa abee na zaidi ya mmoja.

Upande wa wanaume hali haina nafuu. Dereva wa bodaboda aliyegongwa pale Mtoni kwa Aziz Ali analetwa hana fahamu, na wenzake wa kijiweni wanamjua kwa jina la utani tu. Faili linaandikwa jina hilo la utani, au linaandikwa "hajulikani". Usiku huohuo anaweza kuletwa mwingine kutoka Kongowe naye hajulikani. Sasa mnao wasiojulikana wawili, mmoja damu imevuja ndani ya fuvu, mwingine amevimba kichwa kwa nje tu. Nani ni nani?

Msidhani nimetunga tu mfano wa kutisha. Nairobi wameyaona hayo. Mwaka 2018 Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ilikuwa na wagonjwa wawili wa kichwa wasio na fahamu. Mmoja alihitaji kuondolewa damu iliyoganda ndani ya fuvu, mwingine hakuhitaji kisu hata kidogo. Utambulisho wao ukabadilishana. Madaktari walifungua fuvu la asiyehusika, na walikuwa wamekwisha kufanya kazi kwa saa kadhaa walipogundua kwamba damu wanayoitafuta haipo. Daktari aliyekuwa masomoni akisomea upasuaji wa ubongo alisimamishwa, wauguzi wawili na mtaalamu wa usingizi wakasimamishwa, mkurugenzi mkuu akapewa likizo ya lazima. Madaktari wengine waliokuwa masomoni wakafanya mgomo ili kumtetea mwenzao aliyesimamishwa, wakisema mgonjwa alifika mezani akiwa tayari amebandikwa jina lisilo lake.

Hoja yao si ya kupuuzwa. Lakini ndiyo hoja inayoonyesha ugonjwa ulipo. Kila mkono katika mnyororo ule ulipokea jina kutoka kwa mkono uliotangulia na kuliamini. Muuguzi wa wadi aliamini, aliyesukuma kitanda akaamini, mtoa usingizi akaamini, mwenye kisu akaamini. Kisu hakina wa kumrithisha kosa hilo, ndiyo maana mwenye kisu ndiye anayepaswa kuwa wa mwisho kuamini. Miaka 10 na zaidi ilikuwa imepita tangu kisa cha Muhimbili, ambacho Afrika Mashariki nzima ilikisikia, na bado jina likavuka milango yote bila kuulizwa.

Kuna wanaofarijika kusema haya ni mambo ya nchi maskini. Basi wasikie ya Marekani. Mwaka 2007, mwaka uleule wa kisa cha MOI, Hospitali ya Rhode Island katika mji wa Providence, ambayo ni hospitali ya kufundishia ya Chuo Kikuu cha Brown, iliwapasua wagonjwa watatu kichwa upande usiohusika, kwa nyakati tatu tofauti ndani ya mwaka mmoja. Mara ya tatu ilikuwa Novemba, mwezi uleule. Hospitali ilitozwa faini ya dola 50,000. Umaskini huleta vifo vingi kwenye vyumba vya upasuaji, nitaufikia baadaye, ila kosa la kutouliza halihitaji umaskini.

Sasa nitasimulia sehemu ya kisa ambayo wengi hawaijui, na ambayo kwangu ndiyo inayouma zaidi.

Kati ya Oktoba 2007 na Septemba 2008, wakati vijana wale wawili wanabadilishwa pale Upanga na wakati nchi inalijadili jambo lao, Tanzania hiihii ilikuwa katikati ya utafiti uliokuja kubadilisha upasuaji duniani. Haukufanyika Dar es Salaam. Ulifanyika Ifakara, bonde la Kilombero, katika Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limechagua hospitali katika miji minane: Toronto, London, Seattle, Auckland, Amman, New Delhi, Manila, na Ifakara. Aliyeongoza kazi hiyo ni Atul Gawande, daktari wa upasuaji na mwandishi wa Boston.

Kilichofanyiwa utafiti hakikuwa dawa mpya wala mashine. Kilikuwa karatasi moja yenye mambo 19 ya kuhakikisha, yaliyogawanywa katika vituo vitatu. Kabla ya nusu kaputi, mgonjwa mwenyewe athibitishe jina lake, sehemu inayopasuliwa, operesheni anayofanyiwa, na kwamba ameridhia. Sehemu ya kupasuliwa iwe imewekewa alama. Kipima oksijeni kiwe kidoleni na kinafanya kazi. Kabla ya kisu, wote waliomo chumbani wajitambulishe kwa jina na kazi, kisha daktari, mtoa usingizi na muuguzi waseme kwa sauti mgonjwa huyu ni nani na anafanyiwa nini, na dawa ya kuzuia maambukizi iwe imetolewa ndani ya dakika 60 zilizopita. Kabla mgonjwa hajatolewa, vifaa, shashi na sindano vihesabiwe.

Basi. Hakuna jambo hapo linalomshinda mwanafunzi wa mwaka wa tatu.

Watafiti waliwafuatilia wagonjwa 3,733 kabla karatasi haijaanza kutumika, na 3,955 baada ya kuanza. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Matatizo makubwa baada ya upasuaji yalishuka kutoka asilimia 11 hadi 7. Kwa hesabu ya kawaida, katika kila wagonjwa 1,000, mwanzo walikufa 15, kisha wakafa 8. Matokeo yalichapishwa Januari 2009, na leo karatasi hiyo imebandikwa kwenye kuta za vyumba vya upasuaji toka Norway hadi Namibia.

Swali la kwanza kabisa katika karatasi hiyo ndilo ambalo pale Upanga halikuulizwa. Wapasuaji wa Ifakara walikuwa ndani ya utafiti wa kulijaribu, kilomita mia nne na kitu kutoka kitanda ambacho lingeokoa maisha. Siwalaumu watu wa MOI kwa kutojua matokeo yaliyokuwa hayajatoka. Ninachosema ni kwamba jambo lenyewe, kumuuliza mgonjwa jina, halikuhitaji kusubiri jarida la Marekani. Utafiti haukugundua swali. Uligundua jinsi tunavyosahau kuliuliza, na idadi ya wanaokufa kwa kusahau huko.

Hapa nina neno na vijana, maana wengi wakisikia habari hiyo huruka moja kwa moja kwenye karatasi na kudhani wamemaliza. Ontario, jimbo la Canada lenye mji wa Toronto, lilizitaka hospitali zake ziitumie orodha hiyo. Watafiti wakachukua takwimu za hospitali 101 na operesheni zaidi ya 200,000, wakalinganisha kabla na baada. Mwaka 2014 wakatangaza kwamba vifo vilikuwa asilimia 0.71 kabla, na 0.65 baada, tofauti ndogo kiasi kwamba haiwezi kuhesabiwa kuwa tofauti. Hospitali zilisema zinaitumia karibu kwa kila mgonjwa. Fomu zilijazwa. Vifo havikushuka.

Mtu akitaka anaweza kusema basi orodha haina maana. Mimi nasoma vingine. Ifakara na wenzake saba walifundishwa, walifuatwa, walisimama pamoja wakasemeshana. Penye amri tu ya kujaza fomu, fomu hujazwa. Kila aliyewahi kukaa katika ofisi yoyote ya umma Kinondoni anajua jinsi fomu inavyojazwa: mtu mmoja, kalamu moja, tiki 19 mfululizo kwa mkupuo, mgonjwa akiwa amekwisha kurudishwa wadini. Muuguzi anaweka alama ya ndiyo kwenye "mgonjwa amethibitisha jina lake" huku mgonjwa amelala fofofo.

Na hata anayeuliza, anaulizaje? Tumefundishwa heshima, na heshima yetu kwa daktari ni kubwa. Daktari akisimama juu ya mzee wa Yombo Vituka na kusema, "Wewe ndiye Ramadhani wa ngiri, sivyo?" mzee atajibu, "Ndiyo, dokta." Atajibu hivyo hata kama ni Ramadhani wa tezi dume. Ana hofu, ana njaa tangu jana usiku, masikio yake si yale ya zamani, na hajazoea kumkatalia mtu mwenye koti jeupe. Swali la namna hiyo linamtaka mgonjwa akubali tu. Swali linalookoa halimpi mgonjwa la kuitikia: "Mzee wangu, majina yako kamili nani? Umekuja tukufanyie nini? Upande upi? Nionyeshe kwa mkono wako." Hapo mzee hawezi kusema ndiyo akaishia hapo. Lazima aseme mwenyewe.

Heshima hiyohiyo hufunga midomo ya waliovaa kofia za kijani. Muuguzi mwenye miaka 20 kazini anaweza kuona kwamba mguu uliopakwa dawa si ule aliouona na bendeji asubuhi. Daktari tarajali anaweza kukumbuka kwamba mgonjwa aliyemchukulia historia jana hakuwa na kovu tumboni. Lakini mbele yao yuko bingwa, naye ana haraka, ana orodha ya wagonjwa saba na umeme umekatika mara moja tayari. Nani atasema, "Samahani dokta, tusubiri kidogo"? Ndiyo maana orodha inataka kila mmoja ataje jina lake kabla ya kisu. Wengi huona kipengele hicho ni mzaha, watu wanaofanya kazi pamoja kila siku wajitambulishe vya nini. Walioiandaa walikuwa na sababu: aliyekwisha kutoa sauti mara moja chumbani humo ni rahisi kwake kuitoa mara ya pili, pale itakapohitajika. Kuuliza si ujinga, tunasema hivyo kila siku. Ndani ya thieta tunatenda kana kwamba ni utovu wa adabu.

Bingwa anayemkemea mtarajali kwa kuuliza hajamfundisha kitu, amemwandaa kunyamaza siku nyingine. Hilo nalisema bila kulainisha.

Nirudi kwenye umaskini, kama nilivyoahidi. Mwaka 2018 jarida la Lancet lilichapisha utafiti mkubwa wa upasuaji barani Afrika, hospitali 247 katika nchi 25, wagonjwa zaidi ya 11,000 walioandikishwa kwa wiki moja katika kila nchi. Wagonjwa hao walikuwa vijana kuliko wanaopasuliwa Ulaya, na kwa kawaida walikuwa na afya nzuri zaidi. Theluthi moja ya operesheni zilikuwa za kujifungua. Hata hivyo waliofariki walikuwa asilimia 2.1, mara mbili ya wastani wa dunia. Na wengi wa waliokufa hawakufia mezani. Walikufa baadaye, wadini, siku zilizofuata, pengine usiku, muuguzi mmoja akiwa na wagonjwa wengi kuliko anaoweza kuwatazama.

Watafiti haohao hawakuishia kulalamika. Walirudi na jaribio: mgonjwa mwenye hatari kubwa atambuliwe mapema, alazwe mahali anapoonekana, apimwe mara nyingi zaidi, ndugu waruhusiwe kukaa naye. Wagonjwa zaidi ya 28,000 waliingia katika jaribio hilo. Matokeo yalipotoka mwaka 2021, vifo havikupungua. Walichapisha hivyo hivyo, bila kuremba. Ningependa kila anayesomea uzamili wa upasuaji asome hilo la pili kabla ya la kwanza. Mtafiti anayekubali kuandika kwamba wazo lake halikufanya kazi, kwa idadi ile ya wagonjwa, huyo amefanya kazi ya sayansi, na amewaonya wengine wasitegemee kumbana zaidi muuguzi ambaye tayari yuko peke yake.

Njia ya kuufikia ubingwa kwetu inajulikana. Miaka mitano ya shahada ya udaktari, mwaka mmoja wa utarajali, kisha kazi, kisha uzamili wa miaka mitatu au zaidi Muhimbili, Bugando, KCMC au Dodoma. Au kupitia COSECSA, chuo cha wapasuaji wa Mashariki, Kati na Kusini mwa Afrika, kilichoanzishwa mwaka 1999 na chenye makao yake Arusha, ambacho humfundisha daktari akiwa palepale katika hospitali yenye wakufunzi waliothibitishwa. Mwishoni mwa uzamili lipo hitaji la tasnifu, yaani utafiti. Hapo ndipo kijana wa Temeke aliyefika mbali huanza kupotea njia.

Hupotea kwa sababu sifa ziko kwingine. Novemba 2017 Muhimbili ilipopandikiza figo kwa mara ya kwanza, nchi nzima iliona picha. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanza mwaka 2015, hutangaza kila mara mioyo iliyofunguliwa na watoto waliookolewa. Sina ugomvi na hayo, nayashangilia, yameokoa familia gharama za India. Lakini kijana akiona hivyo anadhani utafiti wenye maana ni wa jambo la ajabu, ugonjwa adimu, kifaa kilichofika jana. Anaandika tasnifu juu ya wagonjwa 12 wa uvimbe ambao hatakutana nao tena maishani, anaifunga kwa jalada la bluu, inawekwa kwenye kabati la maktaba, na yeye anakwenda kuvaa joho.

Wakati huohuo Temeke, Amana na Mwananyamala, hospitali tatu za rufaa za mkoa zinazobeba sehemu kubwa ya mzigo wa jiji hili kabla haujafika Muhimbili, hupasua akina mama kila siku ya Mungu. Vidonda vingapi huoza? Muulize daktari aliyepasua. Mara nyingi atakujibu vichache. Anasema kweli kwa alichokiona. Mama aliruhusiwa siku ya tatu akiwa mzima, akarudi Chamazi. Siku ya nane kidonda kikaanza kutoa usaha. Hakupanda daladala kurudi Temeke, nauli na foleni vilimzuia. Akaenda zahanati ya jirani, akasafishwa, akapewa vidonge. Pengine akatumia asali. Pengine akafa. Aliyempasua hajui, na faili lake linasema ameruhusiwa akiwa na hali nzuri.

Mgonjwa asiyerudi kliniki huandikwa kana kwamba amepona. Hapo ndipo tafiti nyingi za upasuaji huoza, kama kidonda chenyewe, chini ya ngozi iliyofunga vizuri.

Kijana anayetaka utafiti wenye maana hahitaji mashine. Anahitaji daftari, simu, na uvumilivu wa kuwapigia akina mama 300 siku ya 30 baada ya operesheni. Kipimo cha siku 30 ndicho kinachotumika duniani, kwa sababu maambukizi mengi hujitokeza mgonjwa akiwa amekwisha kwenda nyumbani. Achukue namba ya mama, ya mume, na ya jirani, kwa sababu laini hubadilishwa. Afanye mpango na zahanati za Chamazi, Charambe na Kijichi ziandike kila kidonda kinachofika. Aangalie dawa ya kuzuia maambukizi ilitolewa saa ngapi, kabla ya kisu au baada ya mtoto kutoka. Aandike nani alipasua, saa ngapi za usiku, na shashi zilihesabiwa au la. Apate kwanza kibali cha kamati ya maadili ya chuo chake, au cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu pale kinapohitajika, na ridhaa ya mama mwenyewe kwa Kiswahili anachokielewa, akiwa hana uchungu na hajashikwa na woga. Ridhaa iliyochukuliwa dakika tano kabla ya kisu si ridhaa.

Atakachokipata kinaweza kisimpendeze. Kinaweza kuonyesha kwamba zamu ya usiku ina vidonda vingi kuliko ya mchana, au kwamba mkufunzi wake mwenyewe ana vingi kuliko wote. Hapo ndipo atakapojulikana kama anatafiti au anatafuta cheti. Kama hospitali itatumia hesabu hizo kumsaka wa kumfukuza, mwakani kila kidonda kitaandikwa "safi". Kosa la uzembe wa makusudi lina njia yake, Baraza la Madaktari Tanganyika lipo kwa kazi hiyo. Makosa mengine mengi ni ya mfumo, na mfumo hautibiwi kwa barua ya kusimamishwa kazi. Baada ya 2007 watu walisimamishwa Upanga. Baada ya 2018 watu walisimamishwa Nairobi. Kuwasimamisha watu ni rahisi, tena hutuliza hasira za wananchi. Kuhesabu kila mwezi ni mara ngapi mgonjwa aliulizwa jina lake kwa namna inayofaa ni kazi ya kuchosha na haina picha ya kuweka gazetini.

Tanzania ilizindua mwaka 2018 mpango wa taifa wa upasuaji, uzazi na huduma za usingizi. Ilikuwa hatua njema, na ni nchi chache za Afrika zilizokuwa na mpango kama huo wakati ule. Mpango wa namna hiyo, kama mipango yote, hufanya kazi pale tu mtarajali wa Mwananyamala anapoweza kusema "tusimame kidogo" bila kupoteza alama zake za mazoezi.

Kwa wakurugenzi wa hospitali nina ombi moja. Mtu mmoja kutoka nje ya thieta, asiye chini ya bingwa anayepasua, akae kimya pembeni siku mbili kila mwezi asikilize tu kama maswali yanaulizwa. Asiangalie fomu. Asikilize.

Kwa msomaji unayemsindikiza mama yako au mwanao kupasuliwa: mweleze mapema kwamba ataulizwa jina mara nyingi na asikasirike. Asiitikie tu, ataje majina yake yote matatu, aseme ugonjwa wake na aonyeshe upande kwa mkono. Kama ni mtoto, au hana fahamu, basi ufanye hivyo wewe kwa niaba yake, na hakikisha utepe wa mkononi umeandikwa jina la kwenye cheti na si la mtaani. Asipoulizwa na mtu hadi anafika mlango wa thieta, mshike mkono anayesukuma kitanda, umwambie kwa adabu: "Sista, naomba daktari amuulize mgonjwa wangu jina lake kabla hajalazwa usingizi." Una haki hiyo, na hakuna hospitali yenye sababu ya kukunyima.